Nundu kwa Zamu

Hadiya alikuwa na wivu, tena si ule wa kufichaficha. Mtaa mzima wa Bondeni ulijua. Ukimtajia jina la Kadija, mke mwenzake, alikunja uso akaanza kupangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. Tangu mumewe, Obeid, aoe mke wa pili, Hadiya hakuwahi kukanyaga kwa Kadija, ingawa nyumba zao zilitenganishwa na msikiti tu. Kadija akiumwa, Hadiya alituma salamu tu. Kadija akiwa na shughuli, Hadiya naye aliumwa na kichwa. "Mlango ule siuvuki mpaka nibebwe," aliwaambia majirani, na majirani wakajifunza kutolitaja kabisa jina la Kadija mbele yake. Nani alitaka kutukanwa asubuhi asubuhi?

Obeid alikuwa na bucha karibu na soko la Nakuru. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara. Ng'ombe wake waliswagwa na Kosgei kutoka upande wa Rongai, na Kosgei huyo huyo ndiye aliyemsaidia kukata na kuuza. Steki wangeweza kununua Wazungu wa mashamba, mbavu wangechukua watu wa reli, lakini kulikuwa na nyama moja ambayo Obeid hakuiuza kwa yeyote: nundu, ile nyama ya mafuta ya mgongoni mwa ng'ombe. Nundu aliizungushia gazeti akaipeleka nyumbani kwa yule mwenye zamu.

Maana Obeid alijitahidi kuwa mwadilifu. Siku mbili kwa Hadiya, siku mbili kwa Kadija, na alichovaa huyu alivaa na yule. Ila ng'ombe hachinjwi kwa kufuata zamu za wake. Kuna juma ambalo nundu zote ziliangukia upande wa Kadija. Wee! Juma hilo usingependa kuwa paka wa Hadiya.

Zamu yake ikifika, Hadiya alifidia. Aliikatakata ile nundu, akaiacha ijikaange kwa mafuta yake yenyewe mpaka ikawa nyekundu, kisha akaimwaga juu ya wali uliokwisha kunyweshwa samli. Obeid alikula huku jasho likimtoka, akalamba vidole, akasema, "Mama Mboni, mkono kama wako huu haujazaliwa mwingine!" Maneno hayo ndiyo yaliyomweka Hadiya mjini. Binti yao Mboni alikuwa ameshaolewa Naivasha, nyumba ilikuwa kimya, na ujana wa Kadija hakuwa nao. Alichokuwa nacho ni sufuria.

Mwaka wa hamsini na saba daktari mmoja wa Kihindi, mteja wa nyama ya mbuzi pale buchani, alimkazia Obeid macho badala ya kuikazia mizani. Kwenye kope za Obeid palikuwa pameota vivimbe vya njano, vidogo kama punje za mtama. Daktari akamuuliza kama kifua humbana akipanda kilima. Obeid akacheka, akasema hata ng'ombe hukohoa akipanda kilima. Daktari hakucheka. Alimwita kliniki, akamtoa damu, damu ikapelekwa Nairobi, na majibu yaliporudi Obeid aliacha kucheka kabisa.

"Anasema damu yangu imejaa mafuta," alimweleza Hadiya jioni ile. "Ana jina lake la kidaktari, kolestroli. Anasema yanaganda ndani ya mishipa ya moyo, kama yanavyoganda kwenye bomba pale buchani, na siku moja damu itakosa njia. Nundu basi. Samli basi. Kadija nitamwambia mwenyewe."

Hadiya aliogopa, tena sana. Usimwone mkali, alimpenda yule mtu. Kesho yake alichemsha kabichi na viazi vya Dundori, maji na chumvi, akaweka mezani. Obeid alikula kidogo, akanawa, akasema, "Alhamdulillahi." Hakusema lolote kuhusu mkono.

Angalau angelalamika! Lakini alikula vile vile zamu nzima, kimya, kisha akaenda kwa Kadija. Aliporudi alikuwa amechangamka, anapiga mluzi. Hadiya alipochukua shati lake kulifua, alilinusa. Harufu ya mafuta ya moto. Akalinusa tena, kwenye kola, kwenye mikono. Vyakula vya kukaanga, hapana shaka!

Damu ilimchemka. Kumbe! Yeye ajitese na kabichi kama mpishi wa hospitali, na yule mwingine ambembeleze kwa samli? Basi atapendwa nani? Siku mbili za maji, siku mbili za asali, na mume ataacha kuja kwake polepole, kwanza achelewe, kisha asingizie kazi, mwisho asije kabisa. Hadiya aliyaona yote hayo akiwa amesimama na shati mkononi, na machozi yakamtoka kwa hasira.

Alikwenda buchani Obeid akiwa msikitini. "Kosgei, nundu siku hizi zinakwenda wapi?"

"Mzee amesema tuuze, mama."

"Mnauza kwa nani?"

"Watu tu."

Watu tu! Hadiya alimwangalia Kosgei kama anayeangalia mwizi. "Zamu yangu ikifika uniletee kwa mlango wa nyuma. Na mzee asijue."

Hakuikaanga waziwazi, la. Aliiyeyusha ndani ya maharagwe, akaificha ndani ya mchuzi wa viazi, akamwaga viungo vingi ili harufu ipotee. Jioni ya kwanza Obeid alionja, akasita, akamtazama mkewe. Hadiya akajifanya anatafuta kijiko. Obeid akala yote. "Mkono wako umerudi," alisema polepole, na Hadiya akalala amefurahi.

Ikaendelea hivyo hadi baada ya mfungo. Ijumaa moja, mchana, Obeid aliondoka mezani kwa Hadiya, akafika mlangoni, akashika mwimo. Uso ulikuwa wa kijivu, jasho linamtiririka shingoni. "Kifua," alisema, "kama kuna mtu amekikalia." Akaanguka chini. Hadiya alipiga yowe, jirani akatoa gari, na kutoka Bondeni hadi hospitali Hadiya alimpangusa mumewe uso kwa kanga, akimwambia Mungu mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu yeyote.

Obeid hakufa. Lakini moyo, yule daktari wa Kihindi alisema, ulikuwa umejeruhiwa, na mshtuko mwingine kama huo asingeuvuka. Daktari alisimama kando ya kitanda, wake wawili upande huu na upande ule, mara ya kwanza kuonekana pamoja.

"Nataka kujua anakula nini," alisema. "Nilikataza mafuta."

Kadija ndiye aliyejibu kwanza, macho yamevimba kwa kulia. "Daktari, mimi nampa samaki wa Naivasha, kunde, maharagwe, viazi. Nakaanga sambusa za kuwauzia watu wa reli, nyumba nzima inanuka mafuta, lakini yeye simpi hata moja. Anakaa tu hapo jikoni ananusa, masikini, ananitania."

Sambusa! Bondeni nzima ilikuwa ikila sambusa za Kadija, na hakuna aliyethubutu kumwambia Hadiya.

"Na wewe, mama?"

"Hivyo hivyo," alisema Hadiya. Obeid alikuwa akitazama dari.

Siku ya kuruhusiwa ilikuwa zamu ya Hadiya. Alikuwa amefua mashuka, amefukiza udi, amesimama mlangoni mwa wodi na kanga mpya. Obeid akamshika mkono. "Mama Mboni, nitakaa kwa Kadija mpaka nipone."

"Na zamu yangu je?"

"Nisamehe zamu yako."

"Amekuambia nini huyo?" Ulimi ulimtangulia, kama kawaida yake.

"Hajaniambia kitu. Mimi ni mchinja ng'ombe, Hadiya. Ungenificha nundu wapi nisiijue?"

"Ulijua? Basi ulikula kwa nini, Obeid? Kwa nini hukusukuma sahani?"

"Ningesukuma, ungesema nimeshiba kwa Kadija."

Hadiya alitaka kukataa. Alifungua mdomo akataka kuapa, lakini hilo ndilo hasa angesema, neno kwa neno, na wote wawili walijua. Akamwachia mkono.

Alistahimili siku chache, kisha akashindwa. Alizunguka msikiti, akasimama mbele ya mlango wa Kadija, akavua viatu. Hakubebwa na mtu. Obeid alikuwa kwenye kitanda cha kamba, amepungua, kope zake bado zina vile vivimbe vya njano. Kadija alimkaribisha Hadiya bila maneno mengi, "Karibu, dada," akampakulia bakuli kama mgeni yeyote.

Hadiya alikuwa amejiandaa kwa kila kitu. Alikuwa amejiandaa kwa kabichi ya maji kama ile yake. Akaonja. Samaki alikuwa amechemshwa na nyanya zilizopondwa, ndimu, bizari na kitunguu saumu, bila tone la mafuta, na alikuwa mtamu. Mtamu kweli kweli! Wivu ukampanda tena, ule ule, mpaka macho yakamwasha. Kumbe ilikuwa inawezekana. Kumbe hakukuwa na haja ya kumuua mtu ili yeye apendwe.

Alikula hadi mwisho, akanawa.

"Bizari unaiweka kabla ya nyanya au baada?" aliuliza, bila kumtazama Kadija usoni.

"Kabla," alisema Kadija, akasogea kwenye mkeka kumwachia nafasi. Kitandani, Obeid alijifanya amelala.