Muhogo Wenye Seli Zilizochoka

Katika soko la Nyakahura kila mtu anajua kwamba Marsiana hauzi muhogo kabla hajakata ncha yake na kuionja. Ana miaka sabini na moja, na hajawahi kumuuzia mtu muhogo mchungu.

Juzi alikuja bwana mmoja mwenye tai, anauza vidonge vya kuzuia uzee, akiwa na kimashine cha kupimia chenye chuma cha kushika.

"Shikamoo bibi. Njoo upimwe bure."

"Marahaba."

Marsiana akakishika kile chuma. Kimashine kikalia, kikaandika.

"Loo! Seli zako zimechoka, bibi, nguvu zimebaki kidogo. Bila vidonge hivi hufiki mbali."

Kufika mbali! Asubuhi ile alikuwa ametembea saa mbili na mzigo kichwani. Ila hakubishana. Alichukua muhogo mmoja mbichi uliomenywa, bado umelowa maji, akaubana kwenye chuma. Kimashine kikalia tena, kikaandika yale yale: seli zimechoka.

Watu wakaangua kicheko.

"Huu nimeung'oa leo," alisema Marsiana, akimkabidhi yule bwana. "Mpe mgonjwa huyu dozi kwanza. Akiinuka akashika jembe, nami nitanunua kopo zima."