Kuwangojea Wamarekani Nizwa

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa mkalimani katika kambi ya jeshi nje ya Nizwa, na kazi yangu kubwa mwaka ule ilikuwa kuilinda Ujerumani.

Sifanyi mzaha. Mwalimu wa kozi ya maofisa alikuwa Mwingereza wa mkataba, mtu mzima mpole, aliyetumikia Ulaya miaka mingi kabla ya kuletwa kwetu. Somo alilolijua ni lile alilokuja nalo. Basi ndani ya banda la mabati, kwenye joto la kumtoa mtu roho, akatutengenezea meza kubwa ya mchanga yenye sura ya nchi ya Ujerumani. Mto ulikuwa uzi wa buluu. Msitu ulikuwa unga wa mbao, mpishi wa kambi kautia rangi ya kijani. Adui, yaani Mrusi, alikuwa njiti za kiberiti upande wa mashariki. Wamarekani walikuwa vibendera vya manjano, nao walikaa ndani ya kikombe pembeni mwa meza, maana walikuwa bado hawajafika. Na watu wa mjini, wake kwa waume na watoto wao, walikuwa vifungo vyeupe vya shati, vilivyonunuliwa kwa fundi cherehani wa sokoni.

Wanafunzi wengi niliwafasiria kwa Kiarabu. Mmoja tu nilimfasiria kwa Kiswahili, naye ni shemeji yangu, mume wa dada yangu. Alikuwa sajini. Unguja alikuwa polisi, na Kiarabu alichotoka nacho kule kilikuwa cha msikitini tu, hakikumfaa kwa habari za vifaru. Kozi ile ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho kupata nyota begani, kwa sababu umri ulikuwa unamtupa mkono. Yeye na dada na watoto wao walikuwa wakikaa kwangu, vyumba viwili, jiko moja, na mke wangu na dada, kwa ugomvi, walikuwa wamefika mahali pa kugawana hata chumvi. Ofisa alipewa nyumba. Dada aliitaka nyumba ile mpaka akawa anaiota.

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi kueleza. Adui anavuka mpaka. Wewe unamzuia kwenye mto, unarudi nyuma kidogo kidogo, unamchelewesha, mpaka Wamarekani wavuke bahari na vifaru vyao na ndege zao.

"Kwani hao Wajerumani wenyewe hawana jeshi?" shemeji aliuliza.

Mwalimu akajibu kwamba wanalo, na zuri, lakini risasi zao ni za siku chache, na ndege za kubebea mizigo hawana za kutosha, na lile bomu kubwa la kumtisha adui funguo zake anazo rafiki.

"Si matajiri? Si ndio wanaotuuzia sisi magari? Wanashindwaje kujitengenezea vyao?"

"Ni ghali," mwalimu alisema. "Na tuna ahadi. Ukimpiga mmoja wetu umetupiga sote."

Nikaifasiri. Shemeji akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa salamu za jamaa aliyemkosa siku nyingi.

Ilipofika zamu yake ya kupanga vita, hakugusa vifaru. Alichukua vifungo. Akavitoa mjini kimoja kimoja kwa vidole vyake vinene, akavipanga juu ya barabara kuelekea magharibi, vyote, hakubakisha hata kimoja. Ndipo akageukia askari. Kile kikombe cha vibendera hakukitazama kabisa.

Mwalimu alimwambia kwamba amefeli. Barabara ile inahitajiwa na msaada. Ukiijaza watu na mizigo yao, msaada utapita wapi? Huko Ulaya mpango unajulikana, kila mkazi ataambiwa abaki nyumbani kwake, afunge madirisha, angoje.

"Angoje nani?" shemeji aliuliza, ingawa alijua.

Ijumaa yake tulikwenda Tanuf na watoto na sufuria la pilau. Tulizoea kukaa karibu na magofu ya kijiji cha zamani, pale penye kivuli. Watoto walipanda na kushuka juu ya kuta za udongo zilizovunjwa na ndege za Waingereza, marafiki wa serikali, wakati wa vita vya mlimani, kabla sisi hatujarudi Omani. Shemeji aliegesha gari kama alivyoliegesha siku zote, pua imeelekea barabarani, tangi limejaa. Hata sokoni alifanya hivyo. Nyumbani hakulala mpaka viatu vya watoto vyote vipangwe mlangoni. Sisi tulimcheka, tukamwita dereva wa harusi. Mungu anisamehe, nilicheka kuliko wote.

"Vile ni vifungo," dada alimwambia, huku akimpakulia. "Vifungo, bwana wee! Viache hapo mjini, utie vibendera vyako, upewe nyota yako, twende zetu. Watu wa Ujerumani weye wanakuhusu nini?"

"Hawanihusu."

"Basi?"

"Basi n'takula pilau langu."

Nilimwona dada anavyojizuia kulia mbele ya watoto, nikamkasirikia shemeji kwa moyo wangu wote. Niliona ni ukaidi tu, ule ukaidi wa askari mtu mzima anayefundishwa na mgeni.

Siku ya pili mwalimu akamwita baada ya darasa. Tulikuwa watatu tu, mimi katikati. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alitaka shemeji afaulu, na nadhani alidhani kinachomshinda ni hesabu. Akamweleza kwa utulivu kwamba Wamarekani hawawezi kukosa kuja, kwa sababu wengine wako huko tayari. Wana kambi huko Ujerumani, wana shule, wake zao wako huko na watoto wao. Nani ataacha watoto wake wapigwe?

Shemeji akaanza kusema kwa Kiswahili, nami nikawa namfasiri nyuma yake. Ada ya ukalimani ni moja: mtu akisema "mimi", na wewe unasema "mimi". Kwa hiyo maneno haya niliyasema kwa kinywa changu, kwa Kiingereza, bila kujua yanaelekea wapi.

"Mimi nilikuwa kijana wa polisi. Siku ya mapinduzi tulipewa amri kwa simu, tuwaambie watu wakae majumbani, Waingereza wanakuja. Wanakuja kwa ndege kutoka bara. Nikapanda baiskeli. Mtaani kwetu, nje kidogo ya mji, nikagonga mlango mmoja mmoja. Mama yangu alikuwa keshafunga mzigo, anataka kumchukua mdogo wangu waende pwani kwa jamaa. Nikamwambia, mama, fungua huo mzigo, kaa ndani, msaada unakuja. Akaufungua. Alikuwa akiniamini sana, kwa sababu ya zile nguo za kazi."

Hapo nikabaki nyuma yake kwa sentensi nzima. Akaningoja nimalize, akaendelea.

"Na Waingereza pia walikuwa na watoto wao pale. Mwambie. Wake zao na watoto wao walikuwapo Unguja. Na meli ilikuja, mimi niliiona kwa macho yangu haya. Ikawachukua watoto wao, ikaondoka."

Nilimwambia. Mwalimu aliitazama meza. Akachukua kifungo kimoja, akakigeuza geuza, akakirudisha pale pale. Mwishowe alisema kwamba ile ilikuwa nchi nyingine na mkataba mwingine, na kwamba anasikitika sana. Halafu akasema, kwa upole ule ule, kwamba mtihani ni Jumatano, wakubwa wanatoka Maskati, na jibu la mtihani ni moja.

Njiani kurudi shemeji aliniomba jambo moja tu. "Dada yako asijue. Anajua mama yangu aliuawa. Hajui nani alimwambia akae." Sikumwahidi. Maneno yale yalikuwa bado mdomoni mwangu, fungua huo mzigo, nikawa nayasikia kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na mpaka leo huyasikia, mara nyingi mchana kweupe, nikiwa kwenye foleni ya mkate. Mama wa watu sikumjua hata sura. Lakini nimewahi kumwambia akae.

Jumatano banda lilijaa. Wakubwa walikaa mbele na chupa zao za maji. Shemeji akasimama mbele ya meza, nguo zimepigwa pasi hata zinakata, akafanya kila kitu kama kilivyoandikwa. Akaweka askari mtoni. Akawarudisha nyuma. Akachukua kile kikombe, akapanga vibendera vya manjano barabarani, barabara tupu, nyeupe, safi. Kisha akaulizwa amri yake kwa wakazi wa mji.

Akaweka kiganja juu ya vifungo, akavifunika vyote.

"Wakae majumbani mwao," alisema. "Msaada unakuja."

Nikafasiri kwa Kiarabu. Nikafasiri kwa Kiingereza. Wakubwa wakaitikia kwa vichwa, mmoja akasema ahsant, yaani umefanya vizuri, na mwalimu akampa mkono, akaushika kuliko ilivyo kawaida.

Habari ilifika nyumbani kabla yetu. Tulipoingia uani, dada alikuwa mlangoni anapiga vigelegele, na mke wangu pembeni yake vile vile, wamepatana kwa ajili ya siku ile. Watoto walikimbilia gari. Shemeji hakushuka. Alizima injini akabaki amekaa, mikono juu ya usukani. Nilipotazama nikaona ameliingiza gari pua mbele, limeelekea ukutani.

Dada akaja dirishani, bado anacheka. "Shuka bwana ofisa! Umefaulu, una nini tena?"

"Nimewaambia wakae," shemeji alisema.

Kicheko kikamtoka usoni. Hakumuuliza yeye. Alinigeukia mimi, ndugu yake, mkalimani.

"Kawaambia nani wakae?"

Nikamjibu. Nilisema, "Mama yake."