Sindano ya Kimaiyo na Bendera Nyekundu ya Owuor

Ukungu wa Menengai bado haujainuka, na Joash Owuor tayari amesimama katikati ya reli, bendera ya kijani mkono mmoja, nyekundu mkono wa pili. Anainua ya kijani. Injini inapumua kwa nguvu, inarudi nyuma polepole na kugusa mabehewa ya mahindi. Anainua nyekundu. Injini inasimama.

Leo amekunja mkono wa shati mpaka begani, na baridi ya asubuhi ya Nakuru haina mchezo na mtu. Mkono wenyewe umevimba kidogo, unang'aa kwa mafuta ya kondoo. Anataka uonekane. Pale palipokuwa na herufi moja tu tangu mvua za mwaka jana, sasa pana maneno mawili meusi, jina lake na kituo cha kwao: OWUOR YALA.

"Jana nimelala kama mtoto," anasema huku akicheka. "Bibi yangu ameniamsha na maji."

Owuor, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, ni mpanga mabehewa katika uwanja wa reli wa Nakuru. Anaishi landhi, katika nyumba za wafanyakazi, na mkewe Truphosa na watoto watatu. Mshahara wake ni shilingi mia na kumi kwa mwezi, na anasema ikifika tarehe ishirini, pesa hizo huwa zimechoka kuliko yeye.

Kazi yake ni kusoma kadi iliyobandikwa ubavuni mwa kila behewa na kulipeleka kwenye njia yake: hili Eldoret, hili Kisumu, lile Mombasa. "Hata gunia la mahindi linajua linaenda wapi," anasema. "Mimi ndiye nilikuwa sijaandikwa."

Wazo hilo lilimwingia mwaka wa 1955, alipofariki kibarua mmoja aliyekuwa akipakia magunia. Landhi nzima ilimwita Kahawa, kwa vile hakunywa chai. Asubuhi moja alikutwa amekufa kando ya reli ya kwenda Njoro, homa ya mapafu imemmaliza, na koti lililokuwa na kipande chake, kile kitambulisho chenye jina, halikuonekana. Wenzake walichanga sanda, wakamzika, wakaandika KAHAWA juu ya ubao.

Miezi kadhaa baadaye alikuja kaka yake kutoka Nyanza, akimuulizia kwa jina alilopewa na baba yake. Mlango kwa mlango alijibiwa kwamba mtu huyo hajulikani. Akarudi kwao. Ni baada ya gari la moshi kuondoka ndipo mtu mmoja alipokumbuka kwamba Kahawa naye alitoka upande ule.

"Sisi Wajaluo, mtu kulala mbali na boma yao ni jambo kubwa," Owuor anasema, na hapa hacheki. "Koti inaibwa. Karatasi inaungua. Nikasema, mimi yangu itakaa kwa ngozi."

Kusema ni rahisi. Fundi alikuwa Kimaiyo, mshona viatu wa Bondeni, aliyepigana Burma na kujifunza huko kuchora ngozi. Kifaa chake ni sindano tatu zilizofungwa kwa uzi kwenye kijiti, na wino wake ni masizi ya taa. Kimaiyo alimwambia Owuor asiwe na wasiwasi, kwamba ni kama kuumwa na mbu.

"Alinidanganya," anasema Owuor. "Hiyo mbu sijawahi kuiona."

Herufi ya kwanza ilipokwisha, Owuor aliinuka akaenda zake, kofia akaiacha kwenye msumari. Alibaki na O moja mkononi, na uwanja mzima ukaanza kumwita Duara. Ikawa msiba juu ya msiba. Mtu aliyekwenda kuandikisha jina lake alirudi na jina la utani, kama Kahawa.

Wenzake hawakumwonea huruma. Walimkumbusha kwamba aling'olewa meno sita ya chini alipokuwa kijana, kwa mila ya kwao, bila dawa, na hakulia. Iweje leo akimbie sindano ya kushona? Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na Owuor aliridhika na kicheko kwa muda mrefu. Lakini kila alipoagizwa kwenda upande wa Njoro, alikiona kile kibao cha kaburi la Kahawa, akakisoma upya.

"Meno nilishikwa," anaeleza. "Mmoja amekalia miguu, mwingine ameshika kichwa. Hakuna mtu aliniuliza. Nikikaa kwa kile kiti cha Kimaiyo, naona ni wale wazee wamerudi."

Aliyefungua fundo ni Truphosa. Jumamosi jioni, akichambua mboga, alimtazama mumewe akikunja bendera zake.

"Baba Awino," akasema, "ile injini yote unaisimamisha na kitambaa. Kwani Kimaiyo ni mkubwa kuliko injini?"

Jana, baada ya kanisa, Owuor alifika Bondeni na bendera zake mbili kwapani. Kimaiyo alicheka mpaka akapaliwa na ugoro, kisha akaona mwenzake hachezi. Safari hii alimwambia ukweli.

"Itauma, bwana. Karibu na mfupa itauma zaidi. Lakini hiyo nyekundu ikipanda, mimi nasimama."

Bendera nyekundu ilipanda kabla sindano haijagusa ngozi. Kimaiyo akasimama. Ikapanda tena, akasimama tena, akangoja, wala hakunung'unika. Hakuna aliyemshika Owuor mguu wala kichwa. Jina lilipofika katikati, ile nyekundu ilikuwa imelala gotini, na jasho la mwenyewe limeanza kukauka.

Karibu na mwisho wa neno la pili, ikapanda ghafla. Kimaiyo akadhani yamekwisha kama mwaka jana.

"Nini sasa?"

"Hakuna kitu," akasema Owuor. "Nataka chai."

Wakanywa chai, wakamaliza jina. "Iliuma sana, sitakudanganya," anasema. "Lakini iliuma na ruhusa yangu."

Desemba atachukua likizo na kupanda gari la moshi mpaka Yala, anakoishi mama yake, ambaye hakuwahi kuingia darasani. Owuor anajua mama huyo ataushika mkono, apitishe kidole juu ya zile alama, aulize zinasema nini. Jibu analo tayari, na analifanyia mazoezi huku akiinua bendera ya kijani.

"Nitamwambia, mama, inasema mtu huyu anashukia hapa."