Dozi ya Borgny Kabla ya Pasaka

Borgny Tveito ni mbishi, na hilo nalisema mbele yake na nyuma yake. Tumekaa mlango kwa mlango miaka na miaka hapa bondeni Hallingdal, nchi ya milima na theluji, yeye mjane wa dereva wa treni, mimi Gunnvor nisiyewahi kuolewa. Ukuta wetu mwembamba. Nikipiga chafya leo, kesho ananipa pole kwenye ngazi. Lakini kutembeleana ovyo hakuna. Huku kwetu mtu hakanyagi mlango wa mwenzake bila kualikwa, hata kama anamsikia analia.

Mwaka juzi mwili ulimgeuka. Aliamka asubuhi mabega na nyonga vimekakamaa, kujigeuza kitandani hawezi. Daktari akasema ni ugonjwa wa misuli unaowashika wazee, akamwanzishia vidonge vya steroidi. Vidonge vile, jamani! Wiki haijaisha, Borgny anapanda ngazi kama msichana. Ila navyo vina yake: uso ukamvimba ukawa duara, usingizi ukamkimbia, ngozi ikawa ukiigusa tu inavilia damu. Daktari alimwonya vizuri. Dozi inashushwa polepole, mwezi kwa mwezi, na yakirudi maumivu, au yakija mapya, piga simu siku hiyo hiyo.

Sasa njoo kwenye Pasaka. Pasaka kwetu ni mlimani, mji mzima unahama. Marehemu mumewe alimwachia kibanda huko juu, mahali ambapo barabara inakoma na kipande cha mwisho ni kwa ski, zile mbao za kutelezea kwenye theluji. Binti yake wa pekee, Sunniva, hutoka mjini Drammen na mume na watoto wawili, humpitia mama yake, wakaenda wote. Wiki hiyo moja Borgny anakula chakula cha jioni na watu. Wiki hiyo ndiyo anayoiishi, nyingine zote anaisubiri.

Pasaka iliyopita alichoka njiani, wakamngoja sana kwenye baridi. Siku ya kurudi, Sunniva akipakia gari, akasema kwa upole, "Mwakani, Mama, labda upumzike tu nyumbani." Kwa upole kabisa, nami nilikuwepo. Lakini Borgny alilichukua neno lile kama hukumu. Akaapa kwamba Pasaka ijayo itamkuta hana kidonge mwilini, uso umerudi wake, na mlimani anapanda kwa miguu yake. Tangu mwaka mpya akawa anajipunguzia dozi mwenyewe, haraka kuliko alivyoambiwa. Daktari hajui, binti hajui.

Siku moja ya Machi nikakutana naye kwenye ngazi kabeba ski. Akanialika kahawa, nikashangaa. Tukakaa na mikate mikavu na jibini ya kahawia. Akatafuna kidogo, akaacha, akashika taya, akangoja, akaanza tena.

"Jino?" nikamuuliza.

"Jino."

"Si uliniambia una meno ya bandia?"

"Ya juu tu, mbea wewe!" Akacheka, halafu akashika tena taya.

"Na mabega je? Naona birika unaliinua kwa mikono miwili."

"Nimepaka ski nta jana. Hayo ni maumivu ya mazoezi, Gunnvor. Maumivu mazuri."

Kwetu mtu akiumwa kwa ajili ya ski anapewa hongera. Simu ikalia, alikuwa Sunniva. "Mzima kabisa, mwanangu," Borgny akasema. "Nta nimeshapaka. Nawasubiri nyie tu." Akaiweka simu chini, akakaa anaitazama.

"Mbona humwambii?"

"Nimwambie nini? Nikisema naumwa, atasema nibaki. Na nikibaki, nabaki na nani?"

Mimi nilikuwa nimekaa pale pale mbele yake na kikombe mkononi.

Jumatano kabla ya Pasaka, siku ya safari yenyewe, mlango wangu ukagongwa. Borgny, na chanuo mkononi. Hajawahi kunigongea.

"Nichane nywele. Mkono haupandi."

Nikamkalisha. Chanuo lilipogusa pembeni mwa kichwa, akapiga ukelele.

"Ngozi inauma," akasema. "Siku nyingi sasa." Kisha akapunguza sauti. "Na asubuhi hii jicho la kulia liliingia giza. Kama mtu kashusha pazia. Lakini limerudi, linaona."

Mimi si daktari. Lakini jicho likiingia giza, hata mjinga anajua hilo si jino wala nta ya ski. Nikachukua simu. Akanishika mkono.

"Usipige, Gunnvor. Nakuomba. Wanafika saa tisa. Nitapiga nikirudi."

"Ukirudi kipofu?"

"Wakijua hawanichukui!"

"Basi wasikuchukue! Wewe mwanamke una kichwa gani?"

Sijawahi kumpigia kelele jirani maishani mwangu. Nikapiga. Zahanati yetu ilishafungwa kwa sikukuu, nikapiga ya dharura. Nesi akauliza habari ya taya, ya kichwa, ya jicho, halafu akasema mlete sasa hivi, msingoje chochote.

Hospitali daktari kijana akatueleza. Mishipa ya damu ya kichwani ilikuwa imevimba, ugonjwa ulio ndugu na ule wa kwanza. Angechelewa, jicho lingezima, pengine na la pili. "Jicho tumeliwahi," akasema, akamwandikia dozi kubwa kuliko zote alizowahi kumeza. Borgny alipoviona vidonge kiganjani akaanza kulia. Majira yote ya baridi alijinyima na kuumia, na sasa anaanzia juu kuliko alikoanzia.

Ikabaki Sunniva. Nikampigia, nikaiweka simu kitandani ili wote tusikie. Walikuwa njiani. Borgny akamweleza, tena kwa ufupi, kana kwamba ni mafua.

"Mama! Tuje huko hospitali?"

"Hapana, hapana. Watoto wamesubiri mwaka mzima. Nendeni zenu. Mimi sina shida."

Nyuma ya gari watoto wanagombania machungwa.

"Una hakika, Mama?"

"Nina hakika."

"Haya basi. Kama una hakika."

Simu ikakatika. Nilikuwa na hasira, lakini nimkasirikie nani? Sisi ndivyo tulivyo. Mtu akisema hataki msaada tunamwamini, na tunaita heshima. Sunniva si mtoto mbaya. Hiyo heshima kafundishwa na mama yake.

"Umefanya vizuri," nikamwambia. "Hukuwaharibia sikukuu."

Borgny alikuwa anatazama dari.

"Nilitaka abishe," akasema. "Hata mara moja tu, Gunnvor. Nilitaka abishe."

Nikavuta kiti nikakaa, na yeye hakuniambia niondoke.