Pima na Ng'ombe wa Nyumbani

Nakumbuka asubuhi moja pale Bububu, mwanangu, mabakuli ya majirani yalivyojipanga barazani kwetu. Nilikuwa mke mpya, hina haijanitoka mikononi, na ng'ombe niliyepewa na baba yangu wa Makunduchi alikuwa amezaa. Desturi yetu unaijua: ng'ombe akizaa, jirani huleta bakuli apate dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo. Nikajiona nshapata jina mtaani.

Mama mkwe wangu, Bi Mwanakhamis, akatoka, akayatazama mabakuli, akasema, "Leo dang'a haitoki. Ng'ombe huyu hajapimwa damu."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilidhani ananidharau mimi na baba yangu, na kwamba watu watatuita mabakhili. Naye, kwa kuwa bakuli la jirani halirudi tupu, akatia mayai na ndimu katika kila moja, akayarudisha mwenyewe. Aliporudi akanikuta nalia zizini.

"Unalilia nini, mwanangu? Jirani yetu wa ukuta wa pili ana mimba. Kuna maradhi hupita kwenye maziwa ya ng'ombe. Mtu hushikwa na homa isiyomwachia, na mja mzito huweza kumpoteza mtoto. Nimpe dang'a leo, kesho nikampe mkono wa pole?"

Nami nilikuwa na ulimi, Mungu anisamehe. Nikamuuliza, "Na Tausi wako, mama, keshapimwa?"

Tausi alikuwa ng'ombe wake kipenzi, na maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakiuzwa Mji Mkongwe. Mwaka uliopita alitupa mimba, na nyumba nzima ikasema ni kijicho cha watu. Nyani haoni kundule, mwanangu, hata nyani mwenye hekima.

Mama mkwe akasema, "Bado. Basi watapimwa wote." Siku ile ile akasimamisha biashara ya maziwa.

Bwana mifugo akaja, akawatoa damu shingoni. Majibu yaliporudi, ng'ombe wangu alikuwa salama. Mgonjwa alikuwa Tausi; maradhi yale yale ndiyo yaliyomtupisha mimba.

Bi Mwanakhamis alilia, lakini hakuficha. Alivaa buibui lake, akapita kwa wateja wake nyumba kwa nyumba, akawaeleza na kuwasihi wakapimwe hospitali. Tausi akaondolewa zizini na bwana mifugo. Nilimpenda mama yule siku ile kuliko siku zote. Ng'ombe wangu, kwa kuwa alilala zizi moja na Tausi, alipopimwa tena akaonekana mzima, dang'a ilikuwa imeshapita, lakini Bi Mwanakhamis akanipa bakuli la kwanza la maziwa yake mkononi. "Yachemshe, kisha umpelekee jirani. Wewe ndiye mwenye ng'ombe."

Jirani yule ni mama yako. Na mimba ile, mwanangu, ni wewe.

Sasa nasikia umefungua zizi, na wateja wa mjini wanakungoja. Nimefurahi sana. Lakini usiuze hata kikombe kabla ya kupima, na usimpime mgeni tu ukamwacha uliyemzoea. Bwana mifugo akikwambia rudia, rudia. Maziwa yachemshe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na ng'ombe kutupa mimba si jambo la kusingizia kijicho.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akubarikie zizi lako, na kila anywaye maziwa yako akuombee dua, kama ninavyokuombea mimi.