Mzee Thanh na Mbao Zilizokataa Kukauka Riyadh

Nimeusoma ujumbe mara tano tangu asubuhi na bado kichwa kinakataa. Mzee Thanh ametuacha.

Aliyeniandikia ni binti yake, Mai. Anasema baba alikula chakula cha mchana kwao mjini Hue, akajilaza kwenye mkeka ndani ya karakana yake, na hakuamka. Hakuwa anaumwa.

Wengi wenu hamkumjua. Alikuwa mchoraji kutoka Vietnam, na tulifanya kazi kampuni moja ya mapambo ya hoteli hapa Riyadh. Store yetu iko Al-Sulay. Yeye alichora, mimi naendesha lori.

Uchoraji wake ni wa kale huko kwao. Anapaka utomvu wa mti juu ya ubao, tabaka juu ya tabaka. Panapotakiwa weupe anabandika vipande vya maganda ya mayai. Halafu anasugua kwa msasa na maji mpaka picha iliyofunikwa itokeze.

Siku ya kwanza nilishika ule utomvu bila glavu. Mikono ilivimba wiki nzima. Alicheka hadi akakaa chini, kisha akanisafisha mwenyewe kwa mafuta ya kupikia, kidole kimoja kimoja.

Bosi alitaka mbao kumi na mbili zenye picha za mianzi na mayungiyungi. Tatizo ni kwamba utomvu ule haukauki kwa jua. Unataka hewa yenye unyevu, na Riyadh hata midomo inapasuka. Tulitundika mablanketi yaliyoloweshwa store nzima. Mafi faida, haikusaidia kitu, mbao zilibaki zinanata.

Nikamkumbuka binamu yangu Kilonzo, mlinzi kule Jeddah, kando ya bahari. Kila tukiongea analalamika kwamba kwenye chumba chake cha Al-Baghdadiyah nguo hazikauki. Nikamwambia bosi tuzipeleke huko zikauke. Alidhani namtania. Mzee Thanh alipomweleza, akasema yalla, nendeni, lakini deadline haisogei.

Njiani kamba ililegea, na mimi ndiye niliyeifunga. Nilipofunua turubai Jeddah, ubao mmoja ulikuwa na mkwaruzo kutoka juu hadi chini. Nikamwambia Mzee nitakubali kosa kwa bosi.

Akapitisha kidole kwenye ule mkwaruzo. Akasema tutatengeneza mwingine, na huu tuuweke pembeni, halas, yameisha.

Na kweli, Jeddah mbao zilikauka. Asubuhi yake Mzee aligusa ubao, akaninyooshea kidole kisafi kama mtu aliyepiga kura akasahau wino. Kazi ikaanza. Kilonzo mpaka leo hataki kuona omeleti, maana maganda yalihitajika kila siku na yai lenyewe mtu hatupi.

Ni kwenye kile chumba cha Kilonzo, tukisugua, ndipo aliniambia habari za Mai.

Mai naye ni mchoraji. Anachora kwenye hariri, ufundi ule ule wa bibi zao, lakini anachora wasichana kwenye pikipiki, helmeti, taa za maduka. Vijana wengi wa kwao siku hizi wanachora hivyo, mkono wa zamani na mambo ya leo. Mzee alimwambia anachafua hariri. Alimwambia mbele ya wageni, siku ya maonyesho ya Mai. Tangu hapo walikuwa wanasalimiana tu.

Mchana mmoja nililala kwenye lori, miguu nje ya dirisha. Kuamka, Mzee amekaa juu ya ndoo, ule ubao wenye mkwaruzo magotini, ananichora. Nilidhani ni mchezo. Ilimchukua wiki kadhaa. Lori langu jeupe kwa maganda ya mayai, soksi zangu zilizotoboka, na majengo ya Jeddah nyuma yake kwa karatasi nyembamba za madini ya fedha.

Nikamuuliza mianzi imeenda wapi.

Akanijibu bila kuinua macho: "Mianzi nilifundishwa na baba. Hii nimeiona mwenyewe. Mai alikuwa sahihi."

Nikamwambia hilo amwambie Mai, si mimi. Akasema hajui aanzie wapi. Basi nikaupiga picha ubao kwa simu yangu, nikaomba namba, nikamtumia Mai pale pale. Sikuandika neno lolote chini yake.

Jibu lilitukuta kwenye chai. Mai aliutambua mkono wa baba yake, akaandika: "Baba, huyu aliyelala ni nani?"

Mzee akavua miwani. Akampigia, akatoka nje, na chai yake ilipoa kabisa kabla hajarudi.

Mbao za bosi zilifika kwa wakati. Mzee akamaliza mkataba, akarudi kwao. Mwaka uliofuata Mai alinitumia picha za maonyesho yao ya pamoja, hariri za binti ukuta mmoja, mbao za baba ukuta wa pili. Na mimi pale katikati, nimelala, watu wamesimama wananiangalia. Sijawahi kujisikia mtu mkubwa vile.

Leo nimemwomba supervisor nusu saa, nikampigia Mai. Alitaka kujua baba yake aliishije huku. Nikamwambia alikuwa na furaha, alipiga mluzi siku nzima akisugua, wimbo mmoja tu.

Akasema nyumbani hawakuwahi kumsikia akipiga mluzi. Akaniomba nimpigie huo wimbo.

Nikaupiga, ndani ya lori, vibaya, mpaka mwisho. Mai akasema ni wimbo ambao marehemu mama yake alimwimbia yeye, Mai, akimbembeleza utotoni.

Mzee wangu, nimelia kidogo, lakini moyo wangu umetulia. Ulipatana na mwanao, ukachora ulichokiona, na ukaondoka umeshiba kwenye mkeka wako.

Asante kwa kunivumilia. Lala salama, Mzee Thanh, Kioko wako anakusalimu.