Kofia Iliyo Juu ya Mawingu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo nusura niikose bendera yetu kwa sababu ya kofia.

Ulikuwa mwaka wa Uhuru. Bendera mpya ingepandishwa mchana uwanjani Kakamega, na nyumbani kwetu Lurambi kila mtu alikuwa ameshakoga. Mimi, kama unavyoniona, nilizaliwa na ualbino. Mama alinisukia kofia ya ukindu, pana kama ungo, na watoto wa jirani walipoiona wakaniita uyoga. Niliivua, nikaapa siivai tena.

"Basi utabaki," Mama akasema. "Wewe unachomekanga na jua vibaya, Mmbone. Sitaki nikuzike mapema."

Nililia mpaka mjomba wangu, aliyekuwa mwalimu wa sayansi, akafika kutuchukua. Aliposikia kisa aliwaita wale watoto, akawaonyesha mbingu.

"Mnamcheka huyu? Na nyinyi pia mmevaa kofia," akasema. "Huko juu, kupita mawingu, kuna hewa inaitwa ozoni. Inaacha mwanga utufikie, lakini inaizuia miale mikali ya jua. Ikiondoka, mahindi yataungua, ng'ombe watapofuka, na mimi mweusi tii hivi sitapona."

Nilitazama juu nikaona buluu tupu. Kitu nisichoweza kukiona wala kukigusa kilikuwa kimeukinga msitu wetu mzima wa Kakamega, na kila kilichopumua ndani yake, tangu kabla babu zetu hawajazaliwa!

"Kumbe nyote ni uyoga!" nikawaambia, na kofia nikaivaa mwenyewe. Bendera niliiona, mwanangu. Niliitazama ikipanda, nikaitazama na ile buluu nyuma yake, nikalia tena, safari hii kwa furaha.

Miaka mingi baadaye tukasikia kwamba gesi za friji na za makopo ya kupuliza zinaila ozoni. Namshukuru Mungu, mataifa yalikubaliana kuziacha, na sasa inapona polepole. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini mbingu, mwanangu, nani angeijenga?

Kwa hiyo usimcheke anayehitaji kinga. Hujafa hujaumbika, na wewe mwenyewe unaishi chini ya kinga ambayo hukuisuka. Itunze, na uwafundishe wenzako kuitunza. Mungu akufunike kama alivyotufunika sote. Na kofia yangu hii, siku nitakapoondoka, mtafute mtoto anayeihitaji, umvishe kwa mikono yako.